Maswali ya Wasomaji: Viumbe Wanaoishi kwa Nipe Nikupe

Barua za mwezi huu zimetoka pande mbalimbali, kwa wakulima, walimu na wafugaji, lakini ukizisoma kwa pamoja utaona kwamba zote zinazunguka jambo moja: kwa nini viumbe wasio wa jamii moja hukaa pamoja, nani hufaidi, na ni kitu gani huvunja ukaaji huo. Nimechagua sita. Baadhi nimezijibu kwa urefu kwa sababu zinastahili, na nyingine kwa ufupi.

*Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari wilayani Tunduru. Nilipokuwa nikifundisha mada ya kutegemeana kwa viumbe, mwanafunzi mmoja alisimama akasema kwamba babu yake huitwa na ndege porini, akamfuata hadi penye asali. Darasa zima lilicheka. Je, jambo hili lina ukweli wowote? Na kama ni kweli, tuseme ndege huyo ni rafiki wa binadamu?*

Mwalimu, mwanafunzi wako alisema kweli tupu, na ningefurahi sana kama ungelirudia jambo hili mbele ya darasa lile lile lililomcheka. Ndege huyo ni kiongozi-asali, ambaye wataalamu humwita *Indicator indicator*. Ni ndege mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia, asiye na uzuri wa kumfanya mtu ageuke kumtazama, lakini akikuona porini huja karibu, akalia kwa sauti ya haraka haraka isiyofanana na wimbo wake wa kawaida, kisha akaruka hadi mti wa mbele huku manyoya meupe ya pembeni mwa mkia wake yakionekana wazi. Ukimfuata, anaruka tena. Ukichelewa, anarudi kukuita. Akifika penye mzinga wa nyuki wa porini hutulia karibu nao, na hapo kazi inakuwa yako: kupanda, kufukiza moshi na kupasua mti.

Habari za ndege huyu ni za kale. Mwaka 1588, mmisionari Mreno João dos Santos, aliyekuwa Sofala katika Msumbiji ya leo, aliandika kuhusu ndege mdogo aliyekuwa akiingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa, na akaeleza pia jinsi ndege huyo alivyokuwa akiwaongoza watu kwenye nyuki. Nta ndiyo siri yote. Kiongozi-asali ni mmoja wa wanyama wachache sana wanaoweza kumeng'enya nta, lakini hana nguvu ya kupasua gogo, na nyuki wakali wanaweza kumuua. Binadamu ana shoka na moto, lakini hajui mzinga uko mti gani. Mmoja ana habari, mwingine ana nyenzo.

Mtafiti Mkenya Hussein Isack, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walilipima jambo hili miongoni mwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya na kuchapisha matokeo yao mwaka 1989. Mlina asali aliyetafuta peke yake alitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja. Aliyeongozwa na ndege alitumia saa 3.2. Walionyesha pia kwamba karibu mizinga yote ambayo ndege waliwaonyesha watu, asilimia 96, ndege hao wasingeweza kufikia kilichomo ndani kabla ya binadamu kuifungua. Hizo ni takwimu za kuwasomea wanafunzi wako.

Kwa kuwa uko Tunduru, kuna jambo litakalokugusa zaidi. Wayao wa Niassa, ng'ambo ya mto Ruvuma, humwita ndege huyu kwa mtetemo wa ulimi unaomalizikia kwa mguno mfupi, kitu kama "brrrr-hm", ambao walifundishwa na baba zao. Mwaka 2016 watafiti waliokuwa wakiongozwa na Claire Spottiswoode walionyesha kwamba mtu anayetembea porini akitoa mlio huo ana nafasi ya asilimia 54 ya kuonyeshwa mzinga, ilhali akitoa sauti nyingine yoyote nafasi yake ni asilimia 16 tu. Wahadzabe wa bonde la Eyasi hawatumii mlio huo. Wao hupiga mluzi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2023 liliwasikilizisha ndege wa Niassa na ndege wa upande wa Wahadzabe milio yote miwili, na kila kundi la ndege liliitikia zaidi mlio wa wenyeji wake: kwa Wahadzabe tofauti ilizidi mara tatu, na kwa Wayao ilikaribia mara mbili. Maana yake ni kwamba ndege hujifunza lugha ya mahali. Hawezi kuwa amefundishwa na wazazi, kwa sababu hawajui wazazi wake, na hilo linanileta kwenye swali lako la pili.

Kiongozi-asali hajengi kiota. Jike hutaga katika kiota cha ndege mwingine, kwa mfano keremkezi, na kifaranga chake huanguliwa kikiwa na ndoana mbili kali kwenye ncha ya mdomo. Kikiwa bado kipofu, bila manyoya, gizani ndani ya shimo, huwang'ata vifaranga wa mwenye nyumba hadi wafe, kisha kinalishwa peke yake. Ndoana zile hupotea baadaye. Basi ndege yule yule anayeshirikiana na babu wa mwanafunzi wako kwa uaminifu unaoshangaza, ni kimelea muuaji kwa keremkezi. Tabia yake haikubadilika. Kilichobadilika ni nani aliye mbele yake na anataka nini kwake.

Ndiyo maana sipendi neno "rafiki" katika somo hili. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea Mjerumani Anton de Bary alipochapisha neno simbiosisi, alikuwa na maana ya viumbe tofauti kuishi pamoja, bila kusema nani anafaidi. Ndani ya neno hilo kuna ufaidishano, ambapo pande zote mbili hupata kitu. Kuna ukimelea, ambapo mmoja hula kwa hasara ya mwingine. Na kuna uhusiano ambao mmoja hufaidi na mwingine hapati wala hapotezi, kama yangeyange wanaofuata ng'ombe ili wadake panzi wanaoruka majani yakikanyagwa. Wanafunzi wengi hukariri hayo matatu kama vyumba vitatu vyenye kuta. Tafadhali wafundishe kwamba milango iko wazi. Hata kwa walina asali malipo hayafanani: Wayao humwachia ndege masega juu ya majani mabichi, kwa heshima kabisa, wakati Wahadzabe mara nyingi huficha au kuchoma nta iliyobaki ili ndege aendelee kuwa na njaa na awaongoze tena.

*Sisi ni wafugaji wa ng'ombe huko Simanjiro. Kuna ndege wenye mdomo mwekundu wanaopanda juu ya ng'ombe wakala kupe. Kijana wangu anasema wanadonoa pia vidonda vya mifugo na anataka tuwafukuze. Baba yangu alikuwa akisema wasiguswe. Nani yuko sahihi?*

Mzee, baba na mjukuu wake wote wako sahihi, kila mmoja kwa upande wake. Ndege hao ni askari wa kifaru. Hula kupe, tena hupendelea kupe waliokwisha kujaa damu, kwa sababu chakula chenyewe hasa ni damu. Aliyependa damu ndani ya kupe hawezi kuichukia ndani ya kidonda. Jaribio lililofanywa nchini Zimbabwe na Paul Weeks, likachapishwa mwaka 2000, lilionyesha kwamba ng'ombe waliozuiwa wasiguswe na ndege hao hawakuwa na kupe wengi zaidi ya wenzao, na vidonda vyao vilipona mapema. Kijana wako ana hoja, basi, kwa ng'ombe mwenye kidonda kibichi: huyo mtibu, mfunike kidonda kwa dawa, mweke karibu na boma mpaka kikauke.

Lakini baba yako naye alikuwa na macho. Jina la Kiswahili linasema ndege huyu ni askari, na mwaka 2020 watafiti Roan Plotz na Wayne Linklater walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba jina hilo halikutolewa bure. Huko Afrika Kusini, vifaru weusi wasio na ndege waligundua mtu anayewanyemelea chini ya mara moja katika kila mara nne, na akiwa amekwisha kufika kama mita 27. Waliokuwa na ndege migongoni walimgundua karibu kila mara, kwa wastani wa mita 61, kwa sababu ndege hupiga kelele na kifaru, ambaye haoni vizuri, hugeuka kuelekea upande ambao upepo hauwezi kumletea harufu. Kwa kifaru anayewindwa, tone la damu ni ushuru mdogo. Kwa ng'ombe wako aliye zizini, ambaye mlinzi wake ni wewe, hesabu ni nyingine. Ushauri wangu ni kwamba msiwafukuze wala msiwaue, ila jihadharini zaidi na dawa za josho, kwa sababu kusini mwa Afrika dawa za zamani zenye aseniki ziliwaangamiza ndege hawa kwa wingi pamoja na kupe waliowala.

*Ninaishi karibu na Nanyuki, Kenya. Huku kwetu kuna migunga mifupi yenye miiba iliyovimba kama vibuyu vidogo, na ndani yake mna sisimizi. Ukigusa tawi wanakushambulia. Nimesikia kwamba mti huu unawalipa sisimizi mshahara. Inawezekanaje mti kulipa mshahara?*

Swali hili nimelisubiri kwa miaka. Nimewahi kusimama chini ya mgunga huo kwenye udongo ule mweusi wa mfinyanzi unaonata viatuni wakati wa mvua. Upepo ulipopita, ile miiba iliyovimba ilipiga mluzi, kwa sababu kila mwiba una vitundu vilivyotobolewa na sisimizi. Niligonga tawi kwa kalamu. Kabla sijahesabu hadi kumi, sisimizi walikuwa wamelijaza, mikia juu, na harufu kali ikanipanda puani.

Mti ule (*Acacia drepanolobium*, ambao siku hizi huitwa pia *Vachellia drepanolobium*) hulipa kwa njia mbili: nyumba, ambayo ni ule mwiba wenye uwazi ndani, na chakula, ambacho ni nekta inayotoka kwenye vitezi vidogo chini ya majani, mbali kabisa na maua. Malipo hayo si ya kuwavuta wachavushaji. Ni posho ya walinzi. Twiga, faru na swala hula majani hata hivyo, ila kidogo kidogo, wakihama kutoka mti hadi mti. Na tembo, ambaye angeweza kuung'oa mti mzima, huuepuka, kwa sababu sisimizi huingia ndani ya mkonga, mahali laini kuliko pote mwilini mwake.

Hapo ndipo wengi hukomea. Mimi nakuomba tuendelee, kwa kuwa yaliyofuata yamegunduliwa jirani na kwako, Laikipia. Tangu mwaka 1995, katika Kituo cha Utafiti cha Mpala, kuna viwanja vilivyozungushiwa uzio ili wanyama wakubwa wasiingie. Mtu angetarajia kwamba migunga isiyoliwa na twiga wala tembo ingestawi mno. Baada ya miaka kumi, Todd Palmer na wenzake waliikagua, na mwaka 2008 wakachapisha walichokiona: migunga ndani ya uzio ilikuwa ikikua polepole zaidi na kufa kwa kasi mara mbili ya ile ya nje. Mti ambao hauliwi hauna haja ya walinzi, kwa hiyo ulikuwa umepunguza miiba mivimbe na nekta. Mkono mtupu haulambwi. Sisimizi walinzi wazuri, *Crematogaster mimosae*, walidhoofika, na nafasi yao ikachukuliwa na jamii nyingine, *Crematogaster sjostedti*, wasioishi ndani ya miiba bali katika matundu ya mbawakawa wanaotoboa shina. Sisimizi hao hawana sababu ya kuwafukuza mbawakawa. Mbawakawa ndio wajenzi wa nyumba zao. Mti ukaachwa mikononi mwa wapangaji waliofaidi kuumwa kwake. Tembo, ambaye tungemwita adui wa mti, ndiye aliyekuwa akiuweka mkataba hai.

Kuna sura ya pili, nayo inasikitisha. Katika miaka ya hivi karibuni sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, *Pheidole megacephala*, ambao husafirishwa na watu ndani ya mizigo na udongo, wameenea Laikipia. Huwaua sisimizi wa mgunga na kula mayai na watoto wao, lakini wao wenyewe hawaulindi mti. Tembo amerudi. Katika hifadhi ya Ol Pejeta, mtafiti Mkenya Douglas Kamaru na wenzake walionyesha, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2024, kwamba mahali palipovamiwa miti huvunjwa na tembo mara tano hadi saba zaidi. Miti ikipungua, uwanda unakuwa wazi, punda milia wanamwona simba kwa mbali, na simba anakosa kichaka cha kujificha. Mwaka 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya wanyama waliouawa na simba hapo. Kufikia mwaka 2020 walikuwa asilimia 42, na nyati, ambao mwanzoni hawakuwamo kabisa katika hesabu, nao walifika asilimia 42. Simba hawakupungua, ila sasa wanapambana na mnyama mkubwa zaidi na mwenye pembe. Sisimizi unayeweza kumfunika kwa punje ya mchele amebadilisha chakula cha simba.

Kama una kitalu cha miche au unasafirisha udongo wa bustani kutoka mjini, tafadhali ukague. Hilo ni jambo moja ambalo mtu wa kawaida wa Nanyuki anaweza kulifanya.

*Nina minazi na michungwa Mkuranga. Minazi yangu imejaa majimoto, na wakwezi wanakataa kupanda au wanadai hela zaidi. Nimeshauriwa nipige dawa. Wakati huo huo jirani yangu, ambaye hana majimoto, analalamika kwamba vidaka vyake vinapukutika. Kuna uhusiano?*

Uhusiano upo, mama, na nakuomba uiweke hiyo dawa chini kwanza. Vidaka vya jirani yako huenda vinafyonzwa na mdudu wa minazi aitwaye *Pseudotheraptus wayi*, ambaye hutoboa vidaka na vitale vikiwa bado laini, vikaanguka kabla ya kuwa dafu. Wadudu wachache tu wanatosha kuharibu mavuno ya mnazi mmoja. Majimoto, ambao ni sisimizi wa mitini, huwawinda, na mnazi wenye majimoto wengi hulindwa vizuri. Jambo hili lilichunguzwa Zanzibar tangu miaka ya 1950 na Michael Way, na jina la pili la mdudu huyo, *wayi*, linatokana na jina lake.

Watazame majimoto asubuhi moja wanapojenga. Wengine hujipanga mstari na kuvuta kingo za majani mawili ziwe pamoja, mwenzao mmoja akishika kiuno cha mwingine pengo likiwa kubwa, na kisha wengine huja wamebeba watoto wao mdomoni, wakiwapitisha huku na huku kama sindano, kwa kuwa ni mtoto anayetoa uzi wa hariri. Wakulima wa China wamekuwa wakiwaweka majimoto wa jamii jirani na hawa katika michungwa yao kwa takriban miaka 1,700, na huunganisha mti na mti kwa vipande vya mianzi ili wapite.

Majimoto nao wana mifugo: huwalinda wadudu gamba wanaofyonza utomvu, wakiwakamua umande mtamu. Ukiwaona wadudu gamba kwenye michungwa yako, ujue hiyo ndiyo gharama ya ulinzi. Kwa minazi gharama hiyo ni ndogo.

Na adui mkubwa wa majimoto ardhini ni nani? Ni wale wale sisimizi wenye vichwa vikubwa niliowataja katika jibu la Nanyuki. Hupanda mnazi na kuwafukuza majimoto, halafu mdudu wa minazi anabaki huru. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania umeonyesha kwamba shamba lililopaliliwa mpaka udongo ukabaki mtupu huwapa nafasi hao wavamizi, ilhali majani yakiachwa chini ya minazi, jamii hizo mbili huweza kukaa shamba moja, mmoja chini na mwingine juu. Fyeka badala ya kulima, na michungwa yako uiache ilipo, kwa maana majani yake mapana ni mazuri kwa viota. Kuhusu wakwezi, malalamiko yao ni ya haki, maana majimoto wanauma kweli kweli. Waongezee malipo kidogo, kwa kuwa vidaka visivyoanguka vitayarudisha.

*Kwa nini uyoga wa kichuguu hatuwezi kuuotesha nyumbani kama tunavyootesha uyoga mamama? (Msomaji wa Tabora)*

Kwa sababu uyoga mamama hujitegemea: ukiupa mabua au pumba zilizochemshwa, utazila peke yake. Uyoga wa kichuguu ni zao la mchwa. Mchwa hula majani na miti iliyokauka, huitoa nje ikiwa haijameng'enywa vizuri, na kuijenga kama masega ndani ya kichuguu, mahali penye joto na unyevu usiobadilika sana. Kuvu hao, wanaoitwa *Termitomyces*, huota juu ya masega na kuyalainisha, na mchwa hula kuvu pamoja na masega yaliyolainika. Usafi wa shamba hilo ni kazi ya mchwa usiku na mchana. Wakifa au wakihama, kuvu wengine huyavamia masega kwa siku chache. Ule uyoga unaouokota mvua zikianza ni tunda tu la kitu kilichoko chini, na unapochimba kichuguu kutafuta zaidi unaharibu shamba lenyewe. Vuna kwa kukata juu.

*Mimi ni mkulima wa maharage Mbozi. Bwana shamba alituambia kwamba maharage hujitengenezea mbolea, lakini mavuno yangu ni madogo na majani yana umanjano. Je, niamini maneno hayo au ninunue urea?*

Bwana shamba hakukosea, ila maharage hayajitengenezei mbolea yenyewe. Hutengenezewa na bakteria wanaoitwa raizobia, ambao huishi kwenye vinundu vya mizizi. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Raizobia huibadilisha ikawa chakula cha mmea, na mmea huwalipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Wajerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walilithibitisha hilo katika miaka ya 1880, ingawa wakulima wa zamani walikwisha kuona kwamba nafaka ikifuata kunde hustawi.

Kabla ya kununua chochote, fanya uchunguzi huu maharage yanapoanza kutoa maua. Chimba shina moja kwa jembe, usiling'oe, kwa sababu vinundu hukatika na kubaki ardhini. Osha mizizi ndani ya ndoo. Tafuta vinundu, vidogo kama punje za mtama, kisha kata kimoja kwa wembe. Kama ndani kina rangi ya waridi au nyekundu kama nyama, bakteria wako kazini. Rangi hiyo hutokana na protini inayofanana na ile ya damu yetu, ambayo hudhibiti oksijeni isije ikaharibu kimeng'enya cha kubadilisha naitrojeni. Kama ndani ni cheupe, bado ni kichanga au hakifanyi kazi. Kama ni kijani au kahawia, kimezeeka.

Usishangae kuona vinundu vilivyolala, maana katika udongo wamo raizobia wavivu, wanaokula sukari bila kulipa. Mmea nao hauwavumilii. Toby Kiers na wenzake, mwaka 2003, waliviweka vinundu vya soya katika hewa isiyo na naitrojeni ili bakteria washindwe kulipa, na mmea ukawapunguzia oksijeni hadi uzazi wao ukashuka kwa takriban nusu.

Sasa kuhusu urea. Ukimwaga nyingi, mmea hupata naitrojeni bila kulipa sukari, kwa hiyo hupunguza vinundu. Utakuwa umenunua kwa fedha kitu ambacho ungekipata shambani. Maharage ni dhaifu katika kazi hii kuliko kunde na soya, na kiasi kidogo cha mbolea mwanzoni hakina ubaya, lakini mara nyingi kinachoyakwamisha ni ukosefu wa fosforasi au udongo wenye asidi kali, kwa kuwa raizobia hawafanyi kazi vizuri katika hali hizo. Kwa hiyo kabla ya urea, omba udongo wako upimwe, na uulize kuhusu mbolea ya fosforasi na chokaa. Ukiona hakuna vinundu kabisa, mwulize bwana shamba kuhusu raizobia wa pakiti wanaochanganywa na mbegu siku ya kupanda, na hakikisha ni wa maharage, kwa sababu wale wa soya hawataingia kwenye mizizi yako. Pakiti hiyo isikae juani hata kidogo, maana ndani yake mna viumbe hai.

Tena uangalie mnavyovuna. Huko kwenu, kama kwingi, maharage hung'olewa na mizizi yake, yakapigwa uani, na mabaki yakachomwa. Sehemu kubwa ya naitrojeni iko kwenye punje mnazokula na kuuza. Inayobaki iko kwenye mabua, majani na mizizi. Safari hii kata mashina karibu na ardhi, na makapi uyarudishe shambani kabla ya kupanda mahindi.